Koti la Kalumba

Mwulize Simone kama amewahi kumpiga foto mtu mwenye sura mbaya, atakujibu hajawahi. Si kwamba sisi wa Kolwezi tumejaliwa wote uzuri, la, tunajuana. Ila Simone ana imani yake, na imani hiyo hakuipata kanisani: hakuna mtu mbaya, kuna mtu aliyesimama vibaya. Mwaka wa kumi na tisa huu ana studio yake pale Manika, nyumba ya matofali iliyopakwa rangi ya samawati, ng'ambo ya barabara wanakopita malori ya madini. Ingia humo na tumbo lako na videvu vyako viwili. Atakwambia sogeza paji la uso mbele kidogo, shusha mabega, vuta hewa kisha uiachie polepole puani, geuza goti moja. Ukipewa foto yako utamwonea wivu huyo aliyemo ndani.

Wateja wake ni maharusi, wanakwaya, mama wa sokoni wenye vitenge vipya, lakini walio wengi ni wachimbaji. Jumapili baada ya ibada wanapanga mstari mpaka barabarani, vijana waliotoka kila pembe ya nchi kuja kuchimba shaba na kobalti kwa mikono. Wameoga mara mbili na bado vumbi la shimo limejificha nyuma ya masikio. Simone ana kopo la mafuta ya kupaka na mswaki wa kuchokolea kucha, na aibu ya kumshika mtu sikio hana. Wenyewe hawaji kwa kujipenda. Foto inakwenda nyumbani, kwa mama ambaye hajamwona mwanawe miaka minne, au inakwenda ukweni. Siku hizi kwetu mwanamume hakanyagi uwanja wa wakwe kabla foto yake haijatangulia. Wajomba wanapeana simu mkono kwa mkono, wanaivuta sura ikue, wanatazama mpaka viatu, na hapo ndipo linatoka neno la kwanza.

Kwa ajili ya foto za namna hiyo Simone alikuwa na koti.

Lilikuwa koti la suti la buluu iliyokolea, lina bitana ya hariri, vifungo viwili. Alilinunua Kalumba mumewe, aliyekuwa fundi wa pampu kule Kingamyambo wanakosafisha upya mabaki ya madini. Alilinunua wapige foto ya miaka ishirini ya ndoa. Kalumba alikuwa pande la mtu, mlango ulikuwa ukijaa akiingia, na kukaa mbele ya kamera hakupenda. Kila Jumapili alisema basi, Jumapili ijayo. Alikufa Alhamisi moja, shinikizo la damu, koti halijavaliwa hata mara moja. Kwenye matanga yake foto iliyowekwa mezani ilitoka kwenye kadi ya uchaguzi, wakaikuza mpaka uso ukawa madoadoa. Mke ni mpiga foto, mji mzima unamjua, na mumewe kazikwa na foto ya kadi. Jambo hilo lilimuuma Simone na linamuuma mpaka leo, na hana haja ya kulizungusha.

Shemeji zake waliliomba koti. Aliwaambia waende zao. Alipigilia msumari ukutani studio, akalitundika, na mwezi uliofuata akaanza kuwavalisha wachimbaji. Lilikuwa kubwa kwa wote. Vijana wa mashimo hawana nyama, tumbo limegusana na mgongo, hivyo Simone alilibana nyuma kwa vibanio vya nguo, sita, wakati mwingine wanane. Ukimtazama mtu kwa mbele ni mkurugenzi. Ukimzunguka nyuma ni kamba ya kuanikia nguo. Foto haina nyuma, Simone alipenda kusema hivyo, na alicheka peke yake kila aliposema.

Mechack alikuja Jumapili moja ya mwezi wa tano. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mtu wa Kasai, mpole wa sauti, na bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto kwa kubeba magunia tangu akiwa na miaka kumi na minane. Kidole chake kimoja hakikuwa na kucha. Alikuwa anampenda Jémima, msichana aliyekuja Kolwezi mwaka mzima kujifunza kushona, kisha akarudi kwao Lubudi. Baba yake, Tata Mulumba, mstaafu wa reli na mzee wa kanisa, alikuwa ameambiwa habari za huyo kijana, akatoa jibu moja tu: atume foto kwanza. Asiporidhika na anachokiona, kijana asijisumbue na safari, na Jémima asimtaje tena nyumbani mwake.

Mechack alisimulia haya yote akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mwisho akasema, "Mama Simone, hii foto njo ndoa yangu," yaani foto ndiyo ndoa yenyewe.

Simone alimwambia atulie, yuko mahali pake. Akamvalisha koti, akabana vibanio saba. Akampa leso nyeupe mfukoni, ameikunja ikatoa ncha tatu. Akampeleka mbele ya pazia lenye ngazi na maua, akamgeuza ili bega lililoshuka lipotee nyuma, mkono wa kulia wenye kile kidole akauficha mgongoni, wa kushoto akaweka vidole viwili kwenye kifungo cha juu. Kidevu chini. Tabasamu la upande. Hilo lilikuwa pozi lake la wakwe, alilitengeneza mwenyewe miaka mingi iliyopita na hajaona sababu ya kulibadilisha. Foto ilitoka imenyooka. Mechack alijitazama kwenye simu mpaka Simone akamfukuza, kuna watu wanasubiri.

Jumanne asubuhi alirudi, na safari hii hakushika kofia. Alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Tata Mulumba amekataa.

Amekataaje, Simone akauliza, na sauti yake tayari ilikuwa imepanda. Foto ile? Mechack akaeleza. Mzee alikuwa ameitazama mara moja, akaiweka simu mezani, akasema koti hilo analijua. Miaka miwili nyuma liliwahi kupiga hodi nyumbani kwake likiwa na kichwa kingine. Alikuwa kijana anaitwa Guelord, alijitambulisha kuwa mhasibu wa kampuni, wakampokea, wakala naye, wakampa Joyeuse, binti yao mkubwa. Uhasibu haukuwepo. Kilichokuwepo ni mke mwingine na watoto watatu kule Likasi. Joyeuse alirudi kwa wazazi na mimba, na tangu siku hiyo nyumbani mle hakuna anayelitaja jina la Guelord. Sasa koti limerudi kumchukua wa pili. Mzee alisema hawezi kumtoa mtoto kwa koti la waongo.

Simone aliwaka. Alisema Kolwezi ina makoti ya buluu mangapi? Huyo mzee anajuaje, ana duka la makoti? Mechack hakubishana. Alitoa simu akamwonyesha foto ya Guelord, Jémima alikuwa ameipata kwa dada yake akamtumia. Kisha akaonyesha ya kwake.

Jamani. Koti lile lile, hilo lingeweza kuvumilika. Lakini leso yenye ncha tatu ile ile, vidole viwili kwenye kifungo kile kile, kidevu pale pale, ngazi na maua yale yale, na tabasamu la upande kama limepigwa muhuri. Kilichobadilika ni kichwa tu. Simone alizivuta zikue, akazirudisha, akazivuta tena. Mtu aliyejisifu miaka kumi na tisa kwamba anamtoa kila mtu na uzuri wake, kumbe alikuwa ana mtu mmoja tu aliyemtengeneza, na wachimbaji wote wa Kolwezi anawapitisha ndani ya huyo mmoja.

Simone alimkumbuka Guelord vizuri. Kijana alisema foto ni ya kumtumia mama yake. Alikuwa na adabu, alitoa shikamoo ya watu wa mashariki mpaka Simone akacheka.

Mechack alikuwa amekwisha kupata wazo. Kiongozi wa kwaya yao ana koti la kijivu, angeliazima, wangebadilisha pazia, mzee asingejua. Simone alimtazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Akamwambia kwamba huyo mzee amedanganywa na koti mara moja, na wewe unataka kumpelekea lingine. Hakuna. Lete namba ya mzee.

Akaiingiza kwenye simu yake, akabonyeza kitufe cha sauti, akajiweka sawa kwenye kiti kana kwamba mzee anamwona.

"Tata Mulumba, jambo yenu. Miye naitwa Simone, miye njo napigaka foto hapa Manika. Ile koti ni ya bwana yangu Kalumba, alikufa, hakuivaa hata siku moja. Kijana Mechack hakuniomba koti, miye njo nilimuvalisha. Na ule Guelord pia ni miye nilimuvalisha, naomba musamaha juu ya mutoto yenu. Lakini uongo alisema na kinywa yake. Bwana yangu hakukuwa muongo, na koti yake haikusema kitu. Munipatie siku mbili, nitawatumia Mechack mwenyewe."

Akaachia kitufe. Alama mbili chini ya ujumbe zikageuka buluu baada ya robo saa, mzee ameupata. Jibu halikuja. Simone alisimama, akalitoa koti msumarini, akalikunja bitana nje, akaliweka ndani ya sanduku chini ya vitenge vyake. Kuitwa koti la waongo kulimchoma pabaya, na mbaya zaidi, hakuweza kumlaumu aliyeliita hivyo.

Kesho yake Mechack alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama alivyoamriwa. Amevaa shati jeupe la mikono mirefu limefungwa mpaka kooni, uso ameukaza, mikono ameibana mapajani, amesimama kama mtu anayesubiri kupimwa urefu polisi. Alidhani ndivyo inavyotakiwa. Hili Simone huwa halivumilii hata kidogo. Kuna watu wanaamini foto ya ukweli lazima iwe foto mbaya, eti ukijipendezesha umekwisha kudanganya. Basi tusioge, tusichane nywele, twende ukweni na tope. Alimvua shati akalipiga pasi upya, pasi ya makaa, kola na mabega na mshono wa pembeni. Akamnyoa ndevu zilizobaki chini ya taya. Akamrudishia shati, akalegeza kifungo cha juu, akakunja mikono ya shati mara mbili mpaka chini ya kiwiko, mikunjo bapa, sawasawa.

Hakumpeleka kwenye pazia. Alimtoa nje, ukutani, kwa sababu saa moja asubuhi jua hupita pembeni mwa paa la jirani na malori hayajaanza kutimua vumbi, na kwa dakika kama ishirini ukuta ule hupata mwanga ambao hakuna taa ya studio inayoutoa. Aliujua miaka yote hiyo, hakuwahi kuupa mteja. Akaweka kigoda. Akamkalisha Mechack upande, na bega la magunia, lile alilolificha Jumapili, akalileta mbele kwenye kamera. Lilipokuwa nyuma lilikuwa kilema. Sasa, mtu ameinama kidogo mbele na kiwiko juu ya goti, lilimfanya aonekane anamsikiliza anayemtazama.

Mikono ndiyo ilileta kazi. Kila alipoiweka magotini, ile ya kulia ilijikunja yenyewe kuficha kidole. Simone aliikunjua mara tatu. Mara ya nne akachuchumaa mbele yake.

"Hii mikono njo italisha binti yake. Unaificha juu ya nini?"

Mkono ukatulia. Simone akarudi nyuma ya kamera, akamwambia asitabasamu, amwambie tu, siku akifika Lubudi, neno la kwanza atamwambia nini Jémima, baba yake akiwa amekaa pale. Kijana akafikiri. Akaanza kusema kitu, akaona haya, akakiacha katikati, na uso wote ukafunguka. Hapo hapo akapiga.

Alipoonyeshwa, hakujitambua mara moja. Akauliza kwa sauti ndogo kama yuko mzuri.

"Uko muzuri," Simone akamwambia. "Ni miye nimepiga."

Wakaituma. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya, na Mechack alishuka shimoni akapanda bila kula. Jémima aliandika kwamba baba anakwenda na simu mpaka shambani na hasemi kitu. Simone aliendelea na kazi zake, alipiga ubatizo na alipiga wanafunzi waliomaliza shule, na kila simu ilipolia alichungulia haraka kuliko alivyotaka watu waone. Siku ya tatu, saa sita mchana, sauti ilikuja, nzito, ya mtu asiyezoea kuongea na simu. Nyuma yake kuku walisikika.

"Mama Simone. Nilifanya reli miaka makumi tatu na moja. Bega ya namna ile naijua, ni ya mutu wa kubeba. Akuye tumuone."

Aje, basi. Mechack alikwenda Lubudi na mjomba wake, wazee wa ukweni wakamuuliza maswali kuanzia asubuhi mpaka jua la saa kumi, kazi gani, wapi, na nani, una mke mwingine, apa. Akajibu yote kwa jinsi yalivyo, mchimbaji, bila mkataba, hana mke. Hakuna kilichowashangaza, walikuwa wamekwisha kukiona kwenye foto. Wakamkubali.

Ndoa ya serikali ilifungwa Kolwezi mwezi wa nane, kiangazi, vumbi limekaa hata juu ya majani, na baada ya kutia sahihi ukoo wote ulihamia kwa Simone kwa ajili ya foto ya familia. Jémima alikuwa amejishonea gauni mwenyewe na Simone hakukuta pa kurekebisha zaidi ya kumwambia ashike maua chini ya kitovu. Mama mkwe, wajomba, wote walikuwa tayari. Aliyekosekana mstarini alikuwa Tata Mulumba.

Alikuwa amesimama karibu na mlango na shati tupu, amenuna. Koti lake alikuwa amelivaa kutoka Lubudi ili lisikunjamane, akakaa nyuma ya lori kati ya magunia ya mahindi na madumu ya mawese, na dumu moja lilivuja. Mkewe alisugua kwa sabuni, akasugua kwa chumvi, doa likatanda kutoka kifuani mpaka begani. Wajomba walishauri asimame nyuma ya bibi harusi, halitaonekana. Yeye, baba, asimame nyuma! Aliwatazama wakaacha kushauri. Alikuwa mtu mkubwa, mrefu, mwenye kifua, na hakuna mwanamume mle ndani ambaye koti lake lingempita kiwiko.

Simone alimwona. Alijua pia kilichomo ndani ya sanduku lake. Akapangusa lenzi. Akapangusa tena. Hakuwa mtu wa kumpa mtu kitu alichokwisha kukitukana, na kama ingebidi mzee apigwe foto na shati, angempiga na shati na angependeza, kwa sababu ni yeye anapiga.

Tata Mulumba alikohoa. Akavuka chumba taratibu, akafika mezani, akainamisha kichwa watu wasisikie.

"Mama Simone. Ile koti ingali?"

"Koti gani, Tata?"

Mzee akavuta pumzi, akaiachia puani, kama Simone alivyokuwa akiwafundisha wateja.

"Ile ya bwana yenu."

Basi. Simone hakutaka zaidi ya hapo. Akaingia ndani, akaondoa vitenge, akalitoa. Akalikung'uta, akalipitisha pasi mara moja mgongoni. Na kwa mazoea ya miaka, bila kufikiri, akachukua vibanio sita kutoka kwenye kopo.

Mzee akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akalitikisa likae. Akafunga kifungo. Simone akazunguka nyuma yake, kibanio kimoja tayari kimefunguliwa mkononi, akatafuta pa kubana.

Hapakuwa na pa kubana. Mabega yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mshono. Mgongo ulikuwa umejaa. Kitambaa kilishuka kimenyooka mpaka kwenye pindo, kama kilivyokatwa kishuke, na Simone alikuwa hajawahi kukiona kikishuka hivyo. Alibaki kule nyuma. Jémima aligeuka kumtazama, Mechack naye, wakaanza kujiuliza kuna nini, na yeye bado alikuwa kule nyuma. Kisha akapitisha kiganja mgongoni mwa koti, mara moja, kutoka kola mpaka chini, kama mke anavyomfanyia mumewe anapotoka kwenda kanisani.

Akarudisha vibanio vyote kwenye kopo, akashika kamera. Tata Mulumba alikuwa amesimama katikati, mbele, binti yake kushoto na mkwe wake kulia, na alikuwa hajui mikono aiweke wapi. Akauliza afanye namna gani, ainamishe kichwa, ageuke?

Simone alitazama kwenye kioo cha kamera muda mrefu.

"Simama tu vile uko, Tata," akasema, na akapiga.